Saini ya Mwalimu

Mtaani walimwita Mama Zipu, na yeye hakukasirika, maana jina lile lilimtangazia kazi bure. Zipu ikikwama, iking'oka meno, ikikataa kupanda au ikikataa kushuka, unampelekea yeye. Cherehani yake ilikaa dirishani, kwenye chumba cha mbele cha nyumba yao, na juu ya meza kulikuwa na kopo la zipu kuukuu, mkasi, kipande cha mshumaa cha kulainishia meno ya zipu, na kalamu nyekundu. Hiyo kalamu ndiyo wateja hawakuielewa. Aliyeuliza aliambiwa ni ya kuwekea alama kwenye vitambaa. Uongo wa mchana kweupe, lakini nani atambishia fundi juu ya vitambaa vyake?

Ukweli ni kwamba Mama Zipu, aliyeishia darasa la saba, alikuwa akisahihisha madaftari ya Kiingereza ya kidato cha nne.

Msimcheke. Mumewe alikuwa mwalimu wa somo hilo kwenye sekondari iliyo nyuma ya soko, mwaka wa ishirini na tisa huo, na kila mtu alimwita Mwalimu, hata mkewe. Miaka minne nyuma macho yake yalianza kuliwa pembeni. Akawa anaona kama mtu anayechungulia kwenye bomba, kisha bomba lenyewe likajaa ukungu. Daktari alisema ni presha ya macho, akampa dawa ya matone, akaeleza kwamba matone yatapunguza mwendo wa ugonjwa lakini hayatarudisha kilichokwenda. Mwalimu alishukuru, akaweka kichupa mfukoni, na walipotoka getini akamwambia mkewe kwamba shuleni asijue mtu.

Mkewe alimsihi. Alimwambia mficha maradhi kifo humuumbua. Mwalimu hakuambilika. Alijua mwalimu asiyeona ubao anafanywa nini: anatolewa darasani, anapewa kiti stoo ahesabu madawati mabovu, au anarudishwa nyumbani na barua ya shukrani. Mshahara haukumsumbua sana. Watoto wao wawili walikuwa wameshajitegemea, na zipu za mji haziishi kuharibika. Kilichomtia hofu ni kuamka asubuhi na kukosa darasa la kwenda. Hofu ile ilikuwa kubwa, na alikuwa nayo usingizini na mezani.

Basi akatafuta njia, na njia aliipata. Aliacha kugusa chaki. Mwanafunzi mmoja aliandika ubaoni, wa pili alisoma kwa sauti kilichoandikwa, wa tatu alimsahihisha wa kwanza, na yeye alisimama karibu na mlango mikono nyuma, akisikiliza. Alikuwa na sikio kali. Kosa dogo la nyuma kabisa ya darasa lilimfikia. Mkaguzi alipokuja, alikaa kipindi kizima, akaandika kwenye ripoti kwamba hapa kuna ufundishaji shirikishi wa hali ya juu. Walimu wengine wakatumwa kuja kujifunza. Mwalimu aliwaambia, bila kutabasamu, kwamba siri ni uvivu. Walicheka wote. Je, wanafunzi walijua? Wanafunzi hujua kila kitu, ila hakuna aliyewauliza.

Daftari, hata hivyo, halisahihishwi kwa sikio, na hapo ndipo kalamu nyekundu ilipoingia. Mchana, baada ya shule, Mwalimu alikaa kwenye kigoda kando ya cherehani, akataja majibu kutoka kichwani, moja hadi ishirini, na mkewe akaweka vema na mkasi. Vema ni alama ya sahihi, mkasi ni ile ya kosa. Majina hayo aliyatoa yeye. Ripoti za mwisho wa muhula zilipofika, zikahitaji saini. Mwalimu alimshika mkono mkewe wiki nzima juu ya magazeti ya zamani, akimwonyesha namna saini yake inavyoanza juu, inavyojikunja katikati, na mkia unavyorudi nyuma kupiga mstari. Siku ya saba mke aliandika mwenyewe. Tangu hapo kila karatasi iliyotoka nyumba ile kwenda shule ilitiwa saini na Mama Zipu, na shule haikuwahi kuuliza.

Mwaka wa kwanza alifanya kama mtu anayehesabu vifungo. Jibu la nne ni hili, daftari linasema lile, mkasi, twende mbele. Ila mtu hawezi kukaa jikoni miaka asionje. Akaanza kuuliza kwa nini. Mwalimu, ambaye alipomposa alimwahidi kumsomesha na baadaye wakaja watoto, na ahadi za uchumba mnazijua wenyewe, alijibu kila swali kwa uvumilivu ambao hakuwa nao zamani. Labda alihisi anadaiwa. Labda alifurahi tu kuwa na darasa la mtu mmoja lisilohitaji ubao.

Somo lililomtesa mama wa watu ni lile la vitenzi vya kusababisha. Aliona Waingereza wanajisumbua bure. Sisi tuna mkia wetu mmoja, tunaubandika mwishoni mwa neno na safari inaendelea: umemlisha, umemwandikisha, umemfanyisha kazi. Hakuna anayekuuliza ulimpata vipi. Mwingereza mmbea, anataka kujua. Kama ulimlazimisha, tumia "make". Kama ulimruhusu, "let". Kama ulimpa kazi kwa kuwa ndiyo kazi yake, "have". Kama ulimbembeleza mpaka akakubali, "get", na hiyo nayo ina mlinzi wake "to", lazima aje naye. Madaftari arobaini na mbili, na zaidi ya nusu yalimsahau yule mlinzi. Mama Zipu alichora mikasi mpaka mkono ukauma, na mwisho akagundua kwamba haangalii tena majibu ya Mwalimu.

Akawa anajizoeza akiwa kazini. Mteja amemwagiza abadilishe zipu ya begi: hiyo ni "have". Mwanamke kamruhusu binti yake avae sketi fupi ile: hiyo ni "let", na Mungu amsaidie. Siku moja, sindano ikiwa katikati ya kitambaa, alijiuliza yeye na Mwalimu wako kwenye kitenzi kipi. Mwalimu hakumlazimisha. Hakumwagiza, maana kusahihisha hakukuwa kazi yake. Alimbembeleza, basi. Alikitamka moyoni kwa Kiingereza, pamoja na mlinzi wake, kisha akaendelea kushona.

Mwaka huu, mwezi wa mtihani wa majaribio, alifanya jambo ambalo hakumwambia mtu. Karatasi ya maswali ilikuwa pale mezani kama kila mwaka. Asubuhi moja alifunga dirisha ili wateja wadhani hayupo, akaweka saa mbele yake, akafanya mtihani wote kwa muda wa saa tatu zilizoandikwa. Sehemu ya mwisho ilitaka habari fupi yenye vitenzi vile vinne. Aliandika kuhusu bwana mmoja wa benki aliyekuja mbio saa ya chakula, zipu ya suruali imepasuka, mkutano unamsubiri. Jinsi bwana alivyomwagiza ambadilishie zipu, jinsi yeye alivyomwacha asimame nyuma ya pazia amejifunga shuka, jinsi bwana huyo alivyomfanya aape hatamsimulia mtu, na jinsi yeye alivyomshawishi alipie zipu imara zaidi. Aliandika namba ya uongo juu ya karatasi, akaichomeka katikati ya rundo.

Habari za namna hiyo Mwalimu alizipimia sikioni. Mchana ule mkewe alimsomea moja baada ya nyingine, na yeye akataja alama. Ishirini na nane. Arobaini na moja. Hii kainakili, mpe sifuri. Ilipofika zamu ya bwana wa benki, Mama Zipu alisoma kwa sauti ileile. Mwalimu alicheka mahali pa pazia.

"Sabini na nane," alisema. "Lakini huyu si wangu. Wangu hawaandiki hivi. Kafundishwa na nani?"

"Na wewe."

Mwalimu akamwuliza aliandika lini, na kama alichungulia majibu, na kama alijipa dakika za ziada. Alipojibiwa, alishusha alama mbili kwa ajili ya koma, akasema sabini na sita ni alama ya haki. Mama Zipu aliinamia cherehani asionekane analia, akasahau kwamba aliyekuwa mbele yake asingeona.

Hapo ndipo alipoitaja fomu. Miezi kadhaa alikuwa nayo chini ya godoro: fomu ya mtahiniwa wa kujitegemea, somo moja, Kiingereza. Alikuwa na miaka arobaini na tisa. Hakutaka kazi ya ofisini, hakutaka kwenda popote. Alitaka cheti chenye jina lake, somo moja tu, kitu cha kusema kwamba akili hii ilikuwepo wakati wote. Fomu ilitaka saini ya mwalimu wa somo kuthibitisha kwamba amempima mwombaji na ameridhika naye. Mwisho wa kupokea ni Ijumaa saa tisa alasiri, na atakayechelewa asubiri mwakani. Mwakani Mwalimu angekuwa anaona nini? Hata yeye hakujua.

Mwalimu alisema basi atie saini, kalamu si iko hapo. Mkewe akakataa.

"Karatasi zote nimekusainia mimi. Hii nisainie wewe."

Mwalimu alielewa. Mkewe aliweka kidole penye mstari, na Mwalimu akasaini kwa mkono wake mwenyewe kwa mara ya kwanza baada ya miaka mitatu. Ilitoka mlalo, ikapanda juu ya mstari, mkia wake ukaingia kwenye kisanduku cha tarehe. Ilikuwa mbaya. Mama Zipu aliitazama jioni nzima.

Alhamisi akavaa gauni lake la heshima, akaipeleka. Karani wa mitihani alikuwa kijana makini, mwenye rula mfukoni, wa wale wasioruka mstari. Alisoma kila kisanduku. Akafika kwenye saini, akasimama. Akainuka, akatoa faili, akalaza ripoti tatu za muhula kando ya fomu.

"Mama, hii si saini ya Mwalimu."

Mama Zipu alisema ni yake, alimwona akisaini. Karani akageuza faili amwonyeshe. Miaka mitatu saini ni moja, alisema, nadhifu, imekaa juu ya mstari kama imepigwa pasi. Hii hapa kaiandika mtu anayebahatisha. Hakumfokea. Alishusha sauti ili waliopanga foleni wasisikie, akasema anajua watu wanataka kusoma, na mke wa Mwalimu anamheshimu, lakini kughushi saini ni kosa la kufutiwa usajili moja kwa moja. Akampa fomu mpya. Akamwambia amletee ikiwa na saini halisi kabla ya kesho saa tisa, na yeye atasahau alichokiona.

Aliyeghushi alikuwa yeye kweli, ila si kwenye karatasi ile. Saini ya uongo ilikuwa imekaa ofisini mpaka ikawa ya kweli, na ya kweli ilipobisha hodi ikafukuzwa kama mwizi. Alitoka na fomu mpya mkononi, na njia nzima hakumsalimia mtu.

Nyumbani alimweleza Mwalimu neno kwa neno. Mwalimu alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kilichokuwa wazi: asaini yeye. Ni sekunde mbili. Karani mwenyewe kaomba saini ileile, basi apewe, kila mtu abaki na chake. Mama Zipu hakubisha. Aliketi, akachukua kalamu, akaiweka juu ya mstari. Mkono uliijua njia. Akakaa hivyo, halafu akaiweka kalamu chini, akavuta sketi ya mteja, akaanza kufumua zipu.

"Mwenye kunipima atakuwa mimi mwenyewe," alisema. "Nijitahini, nijithibitishe, nijipongeze. Cheti hicho thamani yake ninaijua mimi. Acha."

Alikuwa na hasira, na hasira yake haikumhusu karani. Kwa mara ya kwanza alimchukia mumewe kwa kitu ambacho yeye mwenyewe alikikubali kila mchana kwa miaka mitatu. Cherehani ilikwenda mpaka saa ya kupika. Mwalimu alikaa kwenye kigoda chake, uso umeelekea dirishani, na alikula kidogo.

Ijumaa asubuhi, akiwa anavaa viatu, Mwalimu alimwambia aje shuleni saa nane na fomu. Mkewe akauliza kuna nini. Akamwambia aje tu.

Alifika mapema. Ofisi ya karani iko mwisho wa veranda ndefu, na darasa la kidato cha nne liko mwanzo wake, kwa hiyo alisikia kipindi kikiendelea: mmoja anasoma, mwingine anamsahihisha, sauti ya mumewe inawapanga. Kisha sauti hiyo ikawaambia waendelee wenyewe. Mwalimu akatoka. Alipita veranda kwa mwendo wake wa kila siku, kidole kikigusa ukuta kidogo kama mtu anayepangusa vumbi, akasimama mlangoni kwa karani, akaomba mkuu wa shule aitwe.

Mkuu alikuja, mama mnene mwenye haraka, miwani kichwani. Alidhani ni jambo la kawaida. Alimsalimia Mama Zipu, akaanza kumwambia kwamba hajawahi kuona mwalimu anayesahihisha kwa upendo kama mumewe, na kwamba kwenye kikao cha mwisho aliwaonyesha walimu wote madaftari yake. Mama Zipu alitazama sakafu.

"Mkuu," alisema Mwalimu, "sioni. Mwaka wa nne huu. Madaftari anasahihisha mke wangu. Saini zote zilizomo kwenye faili hilo ni zake. Ile ya jana mliyoikataa ndiyo yangu."

Karani alilitazama faili, akamtazama Mama Zipu, uso ukamshuka. Mkuu alishusha miwani kutoka kichwani, akaivaa, kana kwamba ndiye aliyekuwa haoni. Mwalimu akanyoosha mkono kutafuta meza. Mkewe alitandaza fomu mpya, akaweka kidole penye mstari, na Mwalimu akasaini mbele yao wote. Ilitoka mbaya kuliko ya kwanza.

Karani alimwangalia mkuu. Saa ya ukutani ilikuwa nane na dakika ishirini. Mkuu aliuliza jambo moja tu: huyu mama, amempima kweli? Mwalimu akajibu sabini na sita, kwa sikio, na koma zake bado ni mbovu. Mkuu akavuta muhuri, akaugonga. Baada ya hapo, kwa sauti ya chini na bila ukali, akamwomba Mwalimu daftari la mahudhurio ya darasa lake. Angelitafutia mtu mwingine kuanzia Jumatatu. Ya saini wangeyazungumza baadaye. Mwalimu alilitoa kwapani. Lilikuwa limechanika pembe, na alipolikabidhi vidole vyake vilichelewa kidogo kuliachia.

Mama Zipu alifurahi. Ni lazima lisemwe. Furaha ile ilimuuma, kwa sababu alijua imetolewa kwapani mwa nani. Alimshika mumewe mkono wa shati. Kengele ya kipindi kilichofuata ililia, Mwalimu akageuka upande wa darasani kwa mazoea ya miguu, kisha akakumbuka, akabaki alipo.

"Mama, bado wewe," alisema karani. Mtahiniwa naye husaini, mbele yake, chini kabisa.

Alichukua kalamu, akainama. Mkono ukaanza wenyewe juu, kwenye lile pindo la kwanza la saini ya Mwalimu, na akauzuia kabla haujagusa karatasi. Hapo akatambua kwamba hana saini. Miaka arobaini na tisa, na hapakuwahi kutokea karatasi iliyoihitaji. Karani alisubiri. Mwalimu, aliyesikia ukimya, aliuliza kama kuna tatizo.

Akamjibu hakuna. Akaandika jina lake lote, herufi moja moja, kama mtoto wa darasa la kwanza, na karani akalikubali.